Palipo na Mamluki Pana Mmiliki: Maoni Kuhusu Ustahiki wa Wanamichezo Wanafunzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetunga kanuni ya michezo akiwa ofisini huiona kuwa nyepesi; uzito wake huujua mwanafunzi anayevuliwa jezi mbele ya wenzake. Makala haya yanahusu kanuni zinazoamua ni nani anayestahiki kuiwakilisha shule au chuo chake uwanjani, na adhabu zinazotolewa kanuni hizo zinapovunjwa. Dai langu ni moja. Kanuni zenyewe tunazihitaji, lakini adhabu zetu aghalabu humwangukia aliyenunuliwa na kumpita aliyenunua. Lugha yetu, tukiisikiliza vyema, imekwisha kutuonya kuhusu kosa hilo.

Mnamo mwaka wa 2014, nikiwa katika kidato cha tatu kwenye shule moja ya milima ya Kilungu, si mbali na soko la Nunguni, timu yetu ya voliboli ilipata mchezaji mpya. Aliletwa katika muhula wa pili. Karo yake ilikuwa imelipwa, sare yake ilikuwa mpya, godoro lake lilikuwa jipya, na hakuna aliyeuliza vyote hivyo vimetoka kwa nani. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, na alipoupiga mpira hapakuwa na mikono ya kuuzuia. Tulishinda. Wazazi waliokuwa wamechanga nauli ya timu walituimbia hadi langoni mwa shule. Siku chache baadaye rufaa ikakatwa. Ikabainika kuwa alikuwa na umri wa miaka 21, na kwamba alikuwa amekwisha kusajiliwa katika shule nyingine. Ushindi ukafutwa, timu ikafungiwa, naye akaambiwa akusanye vitu vyake.

Nilimsaidia kulibeba sanduku lake hadi kituo cha matatu. Njiani aliniambia kwamba ile miaka aliyolaumiwa kwayo hakuipoteza kwa uvivu. Aliipoteza nyumbani kwao, upande wa chini wa kaunti, katika misimu ambayo mvua ilikosa na karo ikakosa vilevile. Hakurudi shuleni. Mwalimu aliyemleta alihamia shule nyingine mwaka uliofuata, akapewa timu nyingine. Katika barua iliyobandikwa ubaoni, jina la mwanafunzi lilitajwa mara tatu. La mwalimu halikutajwa hata mara moja.

Siku hiyo ndipo nilipolisikia neno "mamluki" likitamkwa kama tusi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua neno hili, na wasomaji wa kurasa za michezo nchini Kenya wanalikuta kila msimu wa mashindano ya shule: mchezaji mamluki, timu ya mamluki, kocha ashutumiwa kwa kutumia mamluki. Kamusi hutueleza kuwa mamluki ni askari wa kukodiwa. Tukilifuata neno hadi asili yake ya Kiarabu, tunapata maana nzito zaidi: mamluki ni kinachomilikiwa, mtu aliye mali ya mtu mwingine. Ndilo jina walilopewa askari watumwa ambao baadaye waliitawala Misri kuanzia mwaka wa 1250 hadi 1517. Mzizi ni ule ule uliotupa miliki, milki, malkia na mamlaka. Naomba msomaji alitafakari jambo hili. Mamluki na mamlaka ni maneno ya ukoo mmoja. Anayeadhibiwa na anayeadhibu wamezaliwa katika nyumba moja ya maneno, na kati yao yupo mtu wa tatu ambaye hatumtaji, naye ni mmiliki. Haiwezekani kuwapo kitu kinachomilikiwa pasipo mwenye kukimiliki. Kila tunapomwita kijana mamluki tunakiri, tupende tusipende, kwamba yupo mtu aliyemnunua. Kisha tunaondoka na kumwadhibu bidhaa.

Yamkini msomaji atasema kuwa hayo ni mambo ya shule za vijijini, na kwamba vyuoni kuna utaratibu bora. Ili tulipime dai hilo, tuutazame utaratibu ulio maarufu kuliko wote duniani katika michezo ya vyuo, ambao vijana wa Afrika Mashariki wamepita ndani yake kwa zaidi ya nusu karne: ule wa chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kijulikanacho kama NCAA. Manufaa ya mlango huo hayana shaka. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, Paul Ereng aliyeshinda mita 800 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, na Peter Rono aliyeshinda mita 1,500 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Mount St. Mary's huko Maryland. Sally Kipyego alitwaa ubingwa wa mbio za nyika za vyuo mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, akiwa Texas Tech, akahitimu katika uuguzi, kisha akapata nishani ya fedha katika mita 10,000 jijini London mwaka wa 2012. Kwa kijana wa Kilungu asiye na shamba la kuuza, miguu inaweza kuwa karo.

Hata hivyo, mlango huo una historia. Mwaka wa 1971 Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Waamerika weusi kilichoko Washington, kilishinda ubingwa wa soka wa vyuo kikiwa na wachezaji wengi kutoka Karibiani na Afrika. Mapema mwaka wa 1973 NCAA ikakipokonya ubingwa huo na kukifungia. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wamecheza mpira kwao kabla ya kufika chuoni, na kanuni ya wakati huo ilimhesabia mgeni miaka hiyo kana kwamba ameichezea chuo. Howard ilikwenda mahakamani. Mahakama ikaamua, na mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka wa 1975, kwamba kanuni hiyo iliyowalenga wageni peke yao ilikiuka katiba kwa kuwabagua. Kanuni ikaanguka, lakini ubingwa wa 1971 haukurudishwa. Howard walikuwa wamekwisha kujibu kwa njia yao: mwaka wa 1974 walilitwaa tena taji hilo bila kushindwa mechi hata moja.

Kanuni iliyofuata ilikuwa na busara zaidi ya maneno. Katika miaka ya sabini wakimbiaji wa Afrika Mashariki walikuwa wamevitawala viwanja vya vyuo vya Marekani. Henry Rono alianza kushindania Washington State mwaka wa 1976 akiwa na umri wa miaka 24, akashinda mbio za nyika za vyuo mara tatu, na mwaka wa 1978 akavunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania, akiwa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Makocha wa Marekani walilalamika kuwa vijana wao wa miaka 18 wanashindanishwa na watu wazima. Mwaka wa 1980 NCAA ikapitisha kanuni mpya: mwanafunzi yeyote atakayeshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20 na kabla ya kuingia chuoni atapunguziwa msimu mmoja kwa kila mwaka wa kushiriki. Safari hii neno "mgeni" halikuandikwa, na mahakama ya rufaa ikaikubali kanuni hiyo mwaka wa 1984. Lakini ni nani hasa aliyekuwa akifikia umri wa miaka 20 bado akikimbia kwao na hajaingia chuoni? Mtoto wa tajiri wa Boston hakuwa huyo.

Sitaki kuwaonea waliotunga kanuni hiyo. Malalamiko yao yalikuwa na chembe ya haki, nami nitayarudia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mwaka si kipimo kinacholingana kila mahali. Katika mfumo wa 8-4-4 kijana wa Kenya aliyeanza shule akiwa na miaka sita, asikwame popote, alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18. Kisha, kwa miaka mingi, hadi vyuo vya umma vilipofanya usajili maradufu mwaka wa 2011, aliyefaulu alikaa nyumbani zaidi ya mwaka mmoja akisubiri nafasi yake. Miaka hiyo ililiwa na serikali. Ongeza migomo na kufungwa kwa vyuo. Ongeza muhula ulioahirishwa kwa sababu mkopo umechelewa na mzazi hana kitu. Mwanafunzi wa namna hii hufikia mwaka wa nne akiwa na umri ambao kwingineko ni wa mtu aliyekwisha kupata shahada ya pili.

Saa hiyo ya ustahiki hata haikatai kusimama. Husimama, ila kwa baadhi ya watu. Kanuni ya NCAA iliyotumika kwa miongo mingi katika daraja la kwanza ilimpa mwanafunzi miaka mitano ya kucheza misimu minne, kuanzia siku aliyojisajili katika chuo chochote, popote duniani. Miaka iliyotumika jeshini, au katika umisionari rasmi wa kanisa, haikuhesabiwa. Kwa hiyo kijana aliyekwenda kuhubiri kwa miaka miwili alirudi na kuikuta saa yake imesimama pale alipoiacha. Mwenzake aliyejisajili katika chuo cha Kenya, akakosa karo, akarudi nyumbani kulima matuta ili wadogo zake wasome, aliikuta saa ikikimbia. Ni kweli palikuwa na njia ya kuomba msamaha kwa sababu ya dhiki, lakini njia hiyo ilidai hati na ushahidi, na umaskini wa vijijini hautoi risiti.

Mashindano ya vyuo vikuu ya dunia yanayoendeshwa na FISU nayo yamefuata mkondo huo. Huko Taipei mwaka wa 2017 kikomo cha umri kilikuwa miaka 28. Kuanzia Naples mwaka wa 2019 kikashushwa hadi miaka 25. Miaka hiyo mitatu ni midogo kwa aliyeitunga kanuni. Kwa mwanafunzi aliyeahirisha masomo mara mbili, ndiyo tofauti kati ya kwenda na kutokwenda.

Sasa tuje kwenye adhabu, ambako ndiko liliko donda lenyewe. Mwezi wa Juni 2010 NCAA ilikiadhibu Chuo Kikuu cha Southern California kwa sababu mchezaji wake wa kandanda ya Kimarekani, Reggie Bush, aliyekichezea hadi mwaka wa 2005, alikuwa yeye na jamaa zake wamepokea fedha na vitu kutoka kwa watu waliotaka kuja kuwa mawakala wake. Chuo kikafungiwa kushiriki michezo ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili, kikapunguziwa nafasi 30 za ufadhili, na ushindi wake wa awali ukafutwa. Bush akaikabidhi tuzo yake ya Heisman. Walioitumikia adhabu hiyo uwanjani ni vijana ambao Bush alipokuwa akicheza baadhi yao walikuwa watoto wa miaka 13 hivi. Kocha wake wa zamani, Pete Carroll, alikuwa amekwisha kuondoka mwezi wa Januari mwaka huo kwenda kufundisha timu ya kulipwa ya Seattle, na mwaka wa 2014 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Sisemi kuwa kocha huyo alishiriki kosa. Ninasema tu kwamba adhabu haikuwa na miguu ya kumfuata yeyote aliyeondoka. Iliweza kuwakamata waliobaki peke yao. Nilipousoma mkasa huo nilimkumbuka mwalimu wetu wa michezo, na kile kituo cha matatu.

Kisha kanuni yenyewe ikageuka. Mwezi wa Julai 2021 NCAA iliwaruhusu wanafunzi kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Mwezi wa Aprili 2024 Bush alirudishiwa tuzo yake. Mwezi wa Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Lililokuwa dhambi ya kufuta ubingwa limekuwa mkataba wa kutiwa sahihi. Nao Wakenya walioko huko kwa viza ya masomo hukumbana na masharti ya uhamiaji yanayowabana wasivune kama wenzao. Funzo ninalolipata hapa ni la unyenyekevu. Kama kanuni inaweza kugeuka kiasi hicho katika muda wa miaka michache, basi haifai kuwa na adhabu inayoharibu maisha ya mtu daima.

Nilisema nitarudi kwa wanaozitetea kanuni kali. Hoja yao ni kwamba mchezaji mkubwa humpokonya mdogo nafasi, huweza kumjeruhi, na kwamba cheti cha kuzaliwa kikishaghushiwa hakuna mashindano tena bali maigizo. Ninakubali. Katika voliboli yetu ya mwaka wa 2014 alikuwapo mvulana wa kidato cha pili aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akaachwa benchi siku alipofika yule mgeni mrefu. Naye alidhulumiwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Lakini tazama: wote wawili, aliyeachwa na aliyeletwa, walidhulumiwa na mtu mmoja. Kumfukuza wa pili hakukumrudishia wa kwanza msimu wake.

Inashangaza pia kuwa taifa hili hili linajua kumpokea mwanafunzi aliyepitwa na umri. Mwezi wa Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa ya bure, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Tulimpigia makofi, dunia ikampigia makofi, na hadithi yake ikatengenezewa filamu. Maelfu ya watoto waliochelewa waliingia shuleni kwa sera iyo hiyo. Walipofika sekondari wakiwa wameota ndevu, na kumbe wanajua kupiga mpira, tukawaita walaghai. Darasani kuchelewa ni ushujaa. Uwanjani kuchelewa ni hatia. Mtu ni yule yule.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, adhabu ianze kwa mmiliki. Hao hao NCAA wana kipengele kinachofaa kuigwa: kocha aliyepatikana na kosa kubwa hufuatwa na adhabu yake kwa miaka iliyowekwa, na chuo kitakachomwajiri hulazimika kwenda kujieleza mbele ya kamati. Mwaka wa 2011 kocha Jim Tressel, aliyekuwa Ohio State, alipewa adhabu ya namna hiyo ya miaka mitano. Vyama vyetu vya michezo, kuanzia shule hadi vyuo vikuu, viwe na daftari la makocha, walimu na wafadhili waliosajili wasiostahiki, na daftari hilo lisomwe kabla ya mtu kukabidhiwa timu. Mwalimu akihama, adhabu ihame naye.

Pili, haki ya kucheza itenganishwe na haki ya kusoma. Mwanafunzi asiyestahiki kucheza anaweza kukaa nje ya uwanja. Hakuna sababu ya kumtoa nje ya darasa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na hata aliyepita umri wa utoto hakutenda kosa kwa kutaka kusoma. Shule iliyomleta kwa ajili ya mikono yake ilazimike kumsomesha mpaka amalize.

Tatu, saa isimame kwa aliye na sababu. Barua ya mwalimu mkuu au ya chifu inayothibitisha kuwa kijana alikuwa nje ya shule kwa kukosa karo, kwa ugonjwa au kwa kulea, iwe na uzito katika kuhesabu miaka yake chuoni, kama ilivyo na uzito barua ya jeshi au ya kanisa kwingineko. Atakayeghushi barua hiyo tumkute katika lile daftari.

Nne, na hili ni letu sisi wa Kiswahili, kanuni ziandikwe kwa lugha ambayo mwenye kuzitii anaielewa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha katiba iyo hiyo. Ilhali fomu nilizowahi kuziona wanafunzi wakizitia sahihi zilikuwa za Kiingereza cha mawakili, zikitiwa sahihi usiku wa kuamkia safari, basi likiwa tayari linanguruma. Mwenzangu wa mwaka wa 2014 alitia sahihi karatasi iliyomhukumu, wala hakujua. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili kama hiki chetu vina watu wanaoweza kuitafsiri kanuni ya ustahiki kwa kurasa kumi na kwenda kuisoma mbele ya timu. Hiyo ni tafsiri yenye faida kuliko nyingi tunazozifanyia mitihani.

Jambo hili halina nafasi ya kusubiri. Chini ya mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wa shule ya upili waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mchezo sasa ni somo na ni njia ya riziki. Palipo na riziki pana wanunuzi, nao wanaijua njia ya kupanda Nunguni kutoka barabara kuu ya Mombasa.

Kwa hivyo siombi tuliondoe neno "mamluki" katika magazeti na kamusi zetu. Naomba tulielewe. Siku tutakapoliandika tena katika taarifa ya mashindano, tusiiweke nukta kabla ya kuuliza swali ambalo neno lenyewe linalidai: ni mamluki wa nani? Yule kijana wa sanduku angekuwa leo na umri wa miaka 33. Sijui kama bado anacheza mpira. Ninajua kwamba anayeweza kulijibu swali hilo hajawahi kuulizwa.